Mama Alilia Nilipokataa Senene

*Shangazi, nina miaka 26, nimepanga Kahororo, natengeneza simu mjini Bukoba. Tangu Agosti sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Siumwi, nimeamua tu. Mama yuko Muleba, anasema nimelishwa kitu au nimeingia dini ya ajabu. Juzi nilikataa senene alionikaangia, akalia. Wenzangu wanasema nimefulia, na kweli hela inakwisha kwenye maziwa ya soya ya paketi. Siku hizi nasikia kizunguzungu. Nirudie ya zamani? – Mla Majani*

Mwanangu,

Kizunguzungu kwanza, maana hicho hakingoji gazeti. Nenda zahanati wakupime wingi wa damu, na malaria pia. Huku kwetu si kila anayeyumba amekosa nyama. Ila barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta unakula nini, sikuona. Umenitajia ulivyoacha tu. Nina wasiwasi umetoa na hujaweka.

Ndizi tupu zinashibisha, lakini protini yake ni kiduchu. Bibi zetu hawakuwa na maabara, ila maharage waliyapanda chini ya migomba, kibanja kilekile, na jioni vyote viwili vikakutana chunguni. Fanya hivyo hivyo. Loweka maharage usiku, asubuhi mwaga yale maji, yachemshe mpaka yaive kabisa. Jipake mafuta mikononi utomvu usikugande, menya ndizi, zipange juu ya maharage pamoja na kitunguu, nyanya, chumvi na nyanya chungu mbili tatu. Pale mama anapotia samli, wewe tia mafuta ya alizeti. Ukipata jani la mgomba, libabue motoni lilegee, funika nalo, kisha mfuniko, moto uwe mdogo. Harufu ya lile jani ndiyo nusu ya utamu, na hakuna paketi inayoiuza.

Siku nyingine pika mchicha au majani ya maboga kwa karanga za kusaga, ukamulie ndimu. Ndimu inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo zisubiri kama saa moja baada ya chakula. Mchana kwa mama ntilie, wali maharage na mboga za majani vinatosha. Uliza tu kama kuna dagaa ndani. Maziwa ya paketi achana nayo, hayakudai.

Kitu kimoja sufuria yako haitakupa, hata ukiijaza vipi: vitamini B12. Mimea haina ya kutegemewa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, kiasi kidogo sana, na akiba ya mwilini huweza kuchukua miaka kuisha, ndiyo maana wengi hujidanganya kwamba wako salama. Ikiisha, damu hupungua, na ganzi ya miguu na mikono huweza kuja ikakaa. Wakati unapima damu, waulize kuhusu vidonge vya B12, na ukishaanza usiviache.

Sasa mama. Neno hili la "vegani" mnalolisoma kwenye simu lilibuniwa na Waingereza mwaka 1944, lakini kukaa bila nyama na maziwa si kugeni Bukoba. Waulize Waorthodoksi wa hapahapa wanavyofunga Kwaresima. Na bibi yako? Zamani Uhayani mwanamke aliokota senene, akawanyonyoa, akawakaanga, akampelekea mume. Yeye hakuruhusiwa kula hata mmoja, eti angezaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene! Kwa hiyo mama yako kukukaangia leo ni jambo zito kuliko unavyodhani. Senene ni mdudu, sikulazimishi umle. Namna uliyomkatalia ndiyo siikubali.

Jumamosi panda gari uende Muleba. Usimhubirie. Hata hizo ndizi unazojivunia zimelelewa na samadi ya ng'ombe, na mama analijua hilo kuliko wewe. Ingia jikoni, menya naye, umwambie: "Mama, nichotee langu kabla hujatia dagaa." Akikuona unakula sahani mbili za chakula chake mwenyewe, hiyo hofu ya kulishwa kitu itapungua bila wewe kueleza lolote.

Akikufungia senene tena, pokea kwa mikono miwili, shukuru, panda nao gari. Kahororo hawatalala kwako. Gonga mlango wowote.