Mkatekumeni Aliyekataa Kurudi

Mgeni amefika kwa mjane mmoja, katika mtaa ulio kando ya mji wa Goma, chini ya mlima Nyiragongo. Amevaa vizuri, anasema lugha ya ukoo, tena amemletea mama sabuni na unga. Anasema: «Mama, binti yako ana akili, mbona anakaa hapa bila kazi? Kampala iko hoteli inayotafuta wasichana. Nauli nitalipa mimi. Lakini usiwaambie majirani, wasije wakamwonea kijicho.» Mama anamshukuru Mungu. Kesho yake alfajiri binti anaondoka.

Je, mgeni huyo ni mwizi wa watu? Pengine siyo. Wako wengi waliopata kazi ya halali ng'ambo ya mpaka, wala si haki kumshuku kila msafiri. Lakini mambo mawili katika maneno yake yaogopwe: nauli ya bure, na siri. Nauli ya bure hugeuka deni. Binti akifika anaambiwa kwamba anadaiwa safari, chakula na kitanda. Karatasi zake zinachukuliwa, na simu pia. Anatumikishwa nyumbani bila mshahara, au anauzwa kwa wanaume mpaka deni liishe, nalo haliishi. Wengine hawavuki mpaka wowote: wanapelekwa kwenye machimbo ya madini, au katika nyumba za pombe za mji uleule. Hiyo nayo ni biashara ya watu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 unasema kwamba aliyedanganywa hahesabiwi kuwa amekubali, hata kama alipanda gari kwa hiari yake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakataza kumweka mtu utumwani, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliweka kuuza wanawake na watoto kati ya matendo ya aibu yanayomchukiza Muumba.

Vita vimewarahisishia wauzaji kazi yao. Watu wengi wa Rutshuru na Masisi walikimbilia kambi za Kanyaruchinya na Bulengo. Kisha Goma ilitekwa mwezi wa Januari 2025, kambi zikavunjwa, nao wakatawanyika tena. Aliyetawanyika hivyo hana jirani wa kuuliza amekwenda wapi. Huyo ndiye muuzaji anayemtafuta.

Wakatekumeni na wamjue Mtakatifu Yosefina Bakhita, kwa kuwa yeye alipata uhuru wake akiwa mkatekumeni. Alizaliwa Darfur, katika Sudani, karibu na mwaka 1869. Alipokuwa mtoto, wanaume wawili walimkuta akitembea na rafiki yake. Walimtanguliza rafiki, wakamwomba Bakhita awachukulie mzigo mdogo ulioachwa karibu na msitu. Ombi la adabu tu! Huko walimkamata. Aliuzwa mara nyingi, akapigwa, akachanjwa mwilini kwa wembe. Hata jina lake alipewa na walioiba utoto wake. Maana yake ni mwenye bahati.

Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akawa yaya katika nyumba ya matajiri. Msimamizi wa mali yao, Illuminato Checchini, hakuwa padri wala hakimu. Alimpa Bakhita msalaba, akafanya bidii apokelewe katika nyumba ya wakatekumeni ya Venezia, kwa Masista Wakanosa. Bibi yake aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Bibi alikasirika, akadai mali yake. Masista hawakumtoa, walipeleka habari kwa wakubwa, na tarehe 29 Novemba 1889 ilitangazwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Baadaye akawa sista, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu.

Bakhita mwenyewe ndiye aliyesema hapana. Lakini angesema wapi, kama Checchini hangemtafutia mlango, au kama masista wangeogopa kelele za tajiri?

Turudi kwa yule mjane. Jirani aingie aulize mbele ya mgeni, kwa upole: hoteli inaitwaje? Mwenyewe ni nani, na simu yake? Nani mwingine wa kijiji hiki anafanya kazi huko? Mwenye kazi ya kweli hujibu. Mwizi hukasirika au huharakisha safari. Majibu yaandikwe, na mkubwa wa nyumba kumi ajue. Binti akiondoka, aache nakala ya karatasi zake, na apatane na mama neno moja la kawaida, kama «salimu bibi», ambalo maana yake ni «niko taabuni», kwa sababu huenda mwingine anasikiliza simu yake. Akinyamaza siku waliyopatana, mtu asingoje mwezi. Habari ifike kwa wakubwa, na kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia. Kumfuata muuzaji peke yako ni hatari.

Na akirudi? Hapo wema wengi hushindwa. Wanauliza fedha alizoleta, wanacheka, wanamficha kama aibu ya ukoo. Naye, akiona hana pahali, anamrudia yuleyule aliyemuuza. Kama amebakwa, apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia Sida. Katika shirika apewe kiti chake cha zamani, wala asilazimishwe kusimulia.

Maswali ya kujibu pamoja: Mgeni wa mjane alisema nini cha kuogopwa? Checchini alifanya nini? Katika mtaa wetu, ni msichana gani aliyeondoka mwaka huu ambaye hakuna aliyeuliza habari zake?