Boila Mpya, Bili Ileile? Mwongozo wa Kubadilisha Boila ya Nyumbani Uingereza

Boila hupenda kuharibika wakati wa baridi, kwa kuwa ndipo inapofanya kazi kuliko wakati wowote. Asubuhi ya Januari unafungua bomba la bafuni, maji yanatoka kama yamelala mtungini. Unagusa radieta, nayo ni chuma kitupu. Watoto hawataki kutoka kitandani. Hapo ndipo mtu humpigia fundi yeyote atakayepokea simu, na kukubali bei yoyote atakayotajiwa. Kwa hiyo nawaomba Waswahili wenzangu mnaoishi Uingereza, wenye nyumba na wapangaji, myasome haya boila ikiwa bado inawaka.

Kuna jambo moja la kushika kuliko mengine yote: boila mpya haipunguzi bili kwa sababu tu ni mpya. Huipunguza inapolingana na nyumba, na inapowekwa kwenye joto linaloifaa.

Gesi ya boila ya zamani inapotea wapi?

Gesi ikiungua hutoa moshi wenye mvuke wa maji, na mvuke huo umebeba joto. Boila za zamani huutoa wote nje kupitia bomba la moshi. Nyingine zina kijimoto cha kuwashia kisichozimwa usiku wala mchana, hata kiangazi. Ukiinama unakiona kupitia kidirisha kidogo. Boila kongwe ya namna hiyo huweza kukupa asilimia 60 hadi 70 tu ya joto la gesi unayoilipia.

Boila ya kisasa hufanya kile unachokiona ukifunua sufuria ya wali. Mvuke ukigusa mfuniko uliopoa, hugeuka matone, na joto lake huhamia kwenye mfuniko. Ndani ya boila mpya, kazi ya mfuniko hufanywa na maji yanayorudi kutoka kwenye radieta. Moshi hukutana nayo, mvuke hugeuka matone, joto hurudi nyumbani, na matone hutoka kwa bomba jembamba la plastiki. Huko England na Wales, tangu Aprili 2005 boila mpya za gesi hutakiwa kuwa za aina hii, isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Tangu Aprili 2018, England imeongeza sharti la ufanisi usiopungua asilimia 92.

Lakini mfuniko ukiwa wa moto sana, matone hayatokei. Maji yanayorudi yanatakiwa kuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiiweka boila kwenye nyuzi 80, yatarudi na nyuzi 60 au zaidi, na mvuke utatoka nje na joto lako kama zamani. Umenunua boila ya kisasa, unaitumia kama ya babu.

Itengenezwe au ibadilishwe?

Umri peke yake si hukumu. Boila iliyohudumiwa kila mwaka huweza kufika miaka 15 na kuendelea. Fikiria kuibadilisha vipuri vyake vinapokuwa havipatikani tena, matengenezo yanapofuatana, au ikiwa ni ile ya zamani yenye kijimoto. Presha inayoshuka mara kwa mara haimaanishi kwamba boila imekufa. Mara nyingi ni radieta inayovuja mahali fulani. Mwambie fundi atafute uvujaji kwanza.

Zipo dalili zisizosubiri: moto wa njano badala ya buluu, masizi kuzunguka boila, au watu wa nyumbani kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kinachopungua wakitoka nje. Hiyo huenda ni kaboni monoksidi, hewa ileile ya sumu inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa ndani. Haina harufu wala rangi. Zima boila, fungua madirisha, tokeni nje, tafuteni daktari. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa wala usiwashe kiberiti. Funga gesi kwenye mita ukiweza, toka, kisha piga 0800 111 999. Simu hiyo ni ya bure na hupokewa saa zote.

Ipime nyumba kabla ya kuchagua boila

Aina ni tatu. Kombi haina tangi. Huchemsha maji pale unapofungua bomba. Inafaa nyumba yenye bafu moja, ila watu wawili wakioga kwa pamoja, mmoja ataona maji yamepungua. Aina ya pili hutunza maji ya moto kwenye tangi kabatini, na huwafaa wenye familia kubwa na mabafu zaidi ya moja. Ya tatu, inayokutwa zaidi kwenye nyumba za zamani, huwa pia na tangi la maji baridi juu darini. Ukitaka kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine, bei hupanda, kwa sababu mabomba nayo hubadilishwa.

Kisha uje ukubwa. Kombi nyingi ni za kilowati 24 hadi 30, kwa sababu kuchemsha maji ya kuoga papo hapo kunahitaji nguvu. Kupasha joto vyumba vya nyumba ya kawaida huhitaji chini ya hapo sana. Boila kubwa kupita mahitaji huwaka na kuzima kila baada ya dakika chache, huchakaa haraka na kula gesi. Fundi mzuri atapita chumba kwa chumba, atazame madirisha, kuta, dari na ukubwa wa radieta, ndipo ataje kilowati. Atakayekupa jibu kwenye simu bila kuiona nyumba, mshukuru, kisha mtafute mwingine.

Fundi

Kisheria, kazi ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya lile la awali, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Mwombe kitambulisho mlangoni. Mbele kuna picha, namba na tarehe ya mwisho. Geuza nyuma, ndiko kumeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa kwa majiko na asiwe na ruhusa ya boila. Hata akiwa ni mtu wa nyumbani kwenu, anayesali nawe au mliyesoma naye, omba kitambulisho. Fundi halali hachukii kuulizwa.

Omba makadirio matatu kwa maandishi. Kubadilisha boila kwa boila ya aina ileile mara nyingi hugharimu kuanzia kama pauni 2,000 hadi zaidi ya 3,000. Hakikisha makadirio yametaja kuosha mabomba, kichujio cha sumaku, kidhibiti joto cha chumbani, kengele ya kaboni monoksidi na muda wa dhamana.

Kuosha mabomba usikubali kurukwe. Nilisimama kando fundi akifungua radieta ya sebuleni kwetu, na maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino wa pweza. Weusi ule ni kutu ya chuma cha ndani ya radieta. Ukiifunga boila mpya juu ya uchafu huo, utaziba vijia vyake vyembamba, na dhamana inaweza kukataliwa. Ndiyo sababu ya kuweka kile kichujio cha sumaku: hunasa kutu kabla haijafika kwenye boila.

Lile bomba la matone nalo litazame. Likipita nje, liwe pana, fupi na limevishwa sponji, la sivyo barafu italiziba na boila itajizima usiku wa baridi kali. Likiganda, limwagie maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka.

Fundi asiondoke bila kukuonyesha namna ya kuiwasha, kuizima na kurudisha presha, ambayo boila ikiwa imepoa hukaa kati ya baa 1 na 1.5. Baada ya hapo utatumiwa cheti cha kutimiza kanuni za ujenzi. Kihifadhi, siku ya kuuza nyumba kitaulizwa.

Joto la kuiweka

Kama una kombi, shusha joto la maji yaendayo kwenye radieta hadi nyuzi 60, na kidogo chini yake ikiwa nyumba inaendelea kupata joto la kutosha. Radieta hazitaunguza mkono kama zamani, wala hiyo si dalili ya ubovu. Zitafanya kazi polepole na kwa muda mrefu zaidi. Kama una tangi, usishushe bila kumwuliza fundi: maji ya tangini yanatakiwa kufika nyuzi 60 ili bakteria wa lejonela wasizaliane. Na penye mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, joto la chumba ndilo la kuangalia kwanza.

Kwa mpangaji

Huko England, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya joto na maji ya moto. Boila yake lazima ikaguliwe kila mwaka, nawe upewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. England, tangu Oktoba 2022, chumba chenye boila ya gesi lazima kiwe na kengele ya kaboni monoksidi. Malalamiko yako yaandike, hata kwa ujumbe wa simu, yabaki na tarehe.

Kabla ya kulipa

Uliza pia kuhusu pampu ya joto, inayovuta joto la hewa ya nje kwa umeme. England na Wales, serikali huchangia pauni 7,500 kupitia kwa fundi anayeifunga; Scotland ina mpango wake.

Ukishafungiwa boila, ngoja asubuhi ya baridi, radieta zikiwa zinafanya kazi. Nenda kwenye bomba la matone linapoishia, usikilize. Ukisikia maji yakimwagika kidogo kidogo, yakakatika, yakarudi tena, boila iko sawa: joto la gesi uliyoilipia limebaki ndani. Kukiwa kimya muda mrefu, rudi ndani ushushe joto la boila (mwenye tangi amwulize fundi kwanza), kisha usikilize tena.