Kinanda cha Boksi

Swali: Binti yangu ameunda kinanda cha boksi cha Nintendo Labo. Chatoaje sauti ilhali hakina waya, na mbona kibonye kimoja kimenyamaza?

Jibu: Taajabu yako ni ya haki, bibie, kwani sauti haitoki katika boksi hata kidogo, bali hutoka katika mashine ya michezo ya Nintendo Switch yenyewe, ambayo kidhibiti chake cha mkono wa kulia, kikichomekwa nyuma ya kinanda, hutazama ndani kwa kamera ndogo ya miali isiyodhihirika kwa jicho la binadamu. Kila kimoja katika vibonye 13 kimebandikwa kipande cha utepe unaorudisha miali hiyo. Mtoto abonyezapo mbele, nyuma huinuka, utepe ukaonekana, na programu ikatambua noti iliyokusudiwa. Hikima hii iliyotolewa mwaka 2018 naistahi mno, maana mtoto huifahamu kwa vidole vyake mwenyewe. Basi kibonye kilichonyamaza, aghalabu utepe wake umebanduka au umeingia vumbi: upanguse taratibu kwa kitambaa laini kikavu, kisha utazame kama mkunjo wa boksi haukulegea, nao ukilegea, uukaze upya kwa kucha.