Kitovu cha mtoto kinataka hewa

Kipande cha kitovu kilichobaki kwa mtoto wako kina mishipa mitatu ya damu. Miwili ilikuwa inapeleka damu ya mtoto kwenye kondo, na mmoja ulikuwa unairudisha pamoja na chakula. Sasa yote imejikaza, damu haipiti. Lakini bado ni mlango, haujapona. Ndiyo sababu tulifunga kitovu kwa uzi safi kabla ya kukikata kwa wembe mpya.

Ndani ya kipande hicho mna utelezi wenye maji mengi. Maji yakitoka, kinakauka, kinakuwa cheusi, kisha kinaanguka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15. Hapana kukivuta! Basi ujiulize: kitu ninachoweka juu yake kinapitisha maji na hewa, ao kinaziba? Kikwembe chepesi cha pamba, kilichofuliwa na kuanikwa juani, kinapitisha. Sashe haipitishi. Mafuta ya mawese, majivu na udongo vinaziba kama ukuta uliokandikwa. Hata kitambaa kizuri, kikilowa mkojo, hakifai tena; kwa hiyo ukikunje chini ya kitovu, si juu yake.

Waganga wa hospitali kubwa wana swali kama letu. Mwaka 1990, kule Argentina, Daktari Juan Parodi aliingiza bomba la kitambaa ndani ya mshipa mkubwa wa tumbo uliovimba. Kitambaa cha namna hiyo kikiwa na matundu makubwa, damu inavuja. Kikibana sana, nyama ya mwili haiingii kukishika.

Sisi tuna adui mwingine. Mdudu wa pepopunda anakaa udongoni, naye anapenda mahali pasipo hewa. Ukipaka udongo umemleta, tena umemfungia mle ndani pamoja na mtoto. Nyanya anayeleta dawa hiyo anampenda mjukuu wake. Umweleze kwa heshima. Na chanjo ya pepopunda wakati wa mimba usiikose, inamlinda mtoto pia.

Ukizalia nyumbani, ng'ambo ya Luama, na muganga akikupa klorheksidini, ni ya kitovu tu. Ikiingia machoni inaweza kumpofusha mtoto.

Kitovu kikinuka ao kutoa usaha, ngozi ya kando ikivimba, mtoto akikakamaa ao akishindwa kunyonya, mbebe, uje siku ile ile.