Mafunzo Niliyopata kwa Datsun 1200

Pikapu hii ilinunuliwa na baba mdogo, mkulima wa majani chai huku Litein. Leo naiendesha mimi.

1. Jina la Datsun lilijengwa kwenye tope. Datsun 1200 zilianza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mbio za magari za Safari Rally zilikuwa gumzo la nchi. Edgar Herrmann alishinda 1970 na 1971 akiendesha Datsun. Shekhar Mehta akashinda 1973, halafu mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alitamba kwa Mitsubishi mwaka 1974 na 1976, na wazee wetu bado wanabishana nani zaidi. Naamini mbio hizo ziliuza pikapu za Kijapani zaidi kuliko tangazo lolote.

2. Injini inayoeleweka haizeeki upesi. Injini yake, A12, ina silinda nne, cc 1,171, kabureta na pointi, basi. Fundi wetu hufungua distributa, akasugua pointi kwa msasa na kupima mwanya kwa geji. Kisha anawasha, anaizungusha distributa kidogo kidogo, sikio limeelekea injini, mpaka mlio utulie. Hakuna kompyuta ya kuulizwa. Nikikaa karibu naye hujifunza kusikiliza, na safarini najua plagi imechoka kabla gari halijaanza kukohoa.

3. Mvua ikinyesha, usiende mtupu. Magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na nyuma bila mzigo ni nyepesi mno kwa udongo wetu mwekundu. Gunia la mchanga juu ya ekseli linatosha.

4. Majani chai hayasubiri. Yakishindiliwa hupata joto, huwa mekundu, na ubora umekwenda. Lori la kiwanda likikwama, nayapakia bila kuyakanyaga, naacha hewa ipite, nashika njia.

5. Gari la kijijini si la mtu mmoja. Hii imebeba masanduku ya wanafunzi wa bweni, ng'ombe wa mahari, akina mama waliokuwa na uchungu usiku, na majeneza pia. Ukimiliki pikapu mlimani, utagongewa mlango, na ni lazima uamke. Ndiyo maana naweka mafuta ya akiba kwenye tangi hata pesa zikiwa haba. Juzi mtu alitaka kuinunua kwa bei nzuri. Nilikataa, maana Jumamosi nina kabichi za mama jirani za kupeleka Sotik.