Canon 1100D au Nikon D3100? Soma kabla hujatoa hela

Ukiulizia kamera ya kuanzia iliyokwisha kutumika, iwe Kariakoo, Nairobi mjini au kwenye matangazo ya simu, majina mawili hayachelewi kutajwa: Canon 1100D na Nikon D3100. Bei zake hukaribiana, sura zake hufanana, na kila muuzaji atakuapia kuwa aliyo nayo yeye ndiyo bora. Makala hii ni ya mtu ambaye hajawahi kushika kamera ya aina hiyo na anataka kujua achukue ipi, aikague vipi, na aandae kiasi gani.

Kwanza, ni kamera za namna gani? Ni zile kubwa zenye lenzi ya kuchomoa na kubadilisha. Ndani kuna kioo kidogo kilichoegemea: mwanga ukiingia kwenye lenzi hugonga kioo hicho ukapanda hadi kwenye tundu unalochungulia, kwa hiyo unachokiona ni kile kile lenzi inachokiona. Ukibonyeza, kioo hunyanyuka, pazia dogo lililo nyuma yake, ambalo mafundi huliita shata, hufunguka na kufunga, na picha inaandikwa kwenye sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga. Ule mlio wa "klak" ndio huo. Ukisikia watu wanasema DSLR, wanasema kitu hicho.

Hizi mbili ni za rika moja. Nikon D3100 ilitangazwa Agosti 2010, na Canon 1100D ikafuata Februari 2011. Huko Marekani 1100D iliuzwa kwa jina la Rebel T3, kwa hiyo usishtuke ukikutana na jina hilo kwenye mzigo uliotoka huko. Ni kamera ile ile. Zikiwa mpya, pamoja na lenzi yake ya kwanza, Canon ilikuwa karibu dola 600 na Nikon karibu dola 700. Leo, ikiwa na lenzi hiyo hiyo, mojawapo huulizwa takriban Sh 350,000 hadi 550,000 za Tanzania, au Sh 15,000 hadi 25,000 za Kenya, kutegemea hali yake na ulimi wako. Anayekutajia bei ya juu kuliko hapo ana la kukueleza.

Sasa tofauti. Muuzaji ataanza na megapikseli, yaani wingi wa vitone vinavyounda picha. Canon ina milioni 12.2, Nikon milioni 14.2. Usiumize kichwa hapo. Picha ya Canon ina vitone 4272 kwa 2848, na hiyo inatosha kuchapa karatasi ya A4 ikatoka safi kabisa na nafasi ikabaki. Kama kazi yako ni picha za pasipoti, sherehe, bidhaa za dukani au kuweka mtandaoni, hakuna mteja atakayeng'amua ipi imepigwa na ipi.

Kwenye video kuna tofauti ya kweli. Nikon inarekodi kwa kiwango cha 1080, ambacho ndicho televisheni nyingi za kawaida hukionyesha. Canon inaishia 720. Nikon pia inaweza kuendelea kujilenga yenyewe wakati inarekodi, jambo ambalo Canon hii haifanyi. Ila kuna mawili ya kujua. Kipande kimoja cha video kwenye Nikon hakizidi dakika 10, kwa hiyo hotuba ya mgeni rasmi itakatika katikati usipokuwa macho. Na kamera zote mbili hazina tundu la kuchomeka maiki ya nje. Sauti irekodi kwa simu iliyowekwa karibu na msemaji, kisha uiunganishe na video baadaye. Anayenunua kamera kwa ajili ya video tupu, kwa maoni yangu, asichukue yoyote kati ya hizi. Simu nzuri ya leo itamfaa zaidi.

Kwa mtu anayejifunza mwenyewe, Nikon ina msaada mmoja mzuri: ukizungusha gurudumu la juu hadi neno "Guide", kioo cha nyuma kinakuuliza unataka kupiga nini, kisha kinakupangia na kukuonyesha ulichopangiwa. Canon nayo ina maelezo mafupi kwenye menyu, lakini haikushiki mkono namna hiyo. Kwa betri, Canon hukaa zaidi: kwa vipimo vya watengenezaji, picha karibu 700 kwa chaji moja dhidi ya karibu 550 za Nikon. Tena betri ya Canon, LP-E10, ndiyo inayotumika kwenye 1200D, 1300D, 2000D na 4000D, hivyo bado inapatikana kirahisi. Ya Nikon ni EN-EL14. Nayo ipo madukani, ila baadhi ya za kuiga hukataliwa na kamera. Ijaribu hapo hapo kabla ya kulipa.

Lakini swali ambalo wengi hawaulizi, nalo ndilo lingepaswa kuwa la kwanza, ni la lenzi. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, utaibadilisha baada ya mwaka au miwili. Lenzi utabaki nazo.

Ili kamera ijilenge yenyewe, lazima kuwe na mota ndogo ya kusogeza vioo vya lenzi. Canon waliamua tangu 1987 kuiweka mota hiyo ndani ya lenzi. Kwa hiyo lenzi yoyote ya Canon yenye alama EF au EF-S, hata ikiwa ya miaka ya tisini, ukiifunga kwenye 1100D itajilenga. Nikon kwa miaka mingi waliweka mota kwenye bodi, halafu kwenye kamera ndogo kama D3100 wakaiondoa. Matokeo yake, lenzi nyingi za zamani za Nikon zitaingia vizuri kwenye D3100, zitapiga picha, lakini kulenga utalenga kwa mkono kwa kuzungusha pete. Harusini, bibi harusi akiwa anatembea, hiyo ni kazi nzito.

Kwa hiyo ukichagua Nikon, ishike lenzi mkononi na usome maandishi yaliyo ubavuni mwake. Unatafuta herufi AF-S. Ukiona AF peke yake, au AF na mwishoni mwa namba kuna D, kama "50mm f/1.8D", haitajilenga. Na kuna mtego mwingine mpya zaidi: lenzi za AF-P. Hizo hazipatani na D3100. Hata kulenga kwa mkono haziwezi. Ni nyepesi, zinavutia, na muuzaji anaweza kukupa kwa nia njema kabisa bila kujua.

Jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Lenzi ya kwanza utakayotamani baada ya ile ya 18-55 inayokuja na kamera ni ya 50mm yenye f/1.8. Hiyo f ni ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, kama dirisha pana kwenye chumba chenye giza. Ndiyo inayokuwezesha kupiga ukumbini bila flashi na kufifisha nyuma ya mtu. Ya Canon aina ya STM ilitoka 2015 ikiwa karibu dola 130, na zile za zamani zake zilizotumika ni rahisi zaidi. Ya Nikon inayojilenga kwenye D3100, AF-S 50mm f/1.8G, ilitoka karibu dola 220. Tofauti hiyo haijapotea hata kwa zilizotumika.

Hata lenzi ya 18-55 yenyewe itazame. Kwenye Canon tafuta herufi IS, kwenye Nikon VR. Maana yake lenzi ina kifaa cha kupunguza mtikisiko wa mkono. Baadhi ya 1100D ziliuzwa na lenzi isiyo na IS. Ukipewa hiyo, omba bei ishuke.

Siku ya kwenda kununua, beba kadi yako ya SD, nenda mchana, na usiharakishwe. Chomoa lenzi, elekeza tochi ya simu upande mmoja na wewe uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui, hilo ni kuvu, na kwa kamera zilizokaa Mombasa, Tanga au Unguja ni ugonjwa wa kawaida kwa sababu ya unyevu. Iache. Kisha rudisha lenzi, zungusha gurudumu hadi A kwenye Nikon au Av kwenye Canon, weka f/16, piga picha ya anga tupu na uikuze kwenye kioo. Madoa meusi ni uchafu kwenye sensa: fundi anaweza kuusafisha, nawe unaweza kuutumia kupunguziwa bei. Nikon ina mfumo wa kutikisa vumbi lidondoke. Canon hii haina, hivyo kwake madoa hutokea zaidi. Fungua flashi, ipige. Bonyeza kila kitufe.

Uliza pia imeshapiga picha ngapi, maana shata huchakaa. Kwa Nikon ni rahisi: piga picha moja, ipakie kwenye tovuti za kusoma idadi ya shata, namba inatokea. Canon 1100D haiandiki namba hiyo ndani ya picha; kuisoma kunahitaji waya, kompyuta na programu. Kamera ya daraja hili ikishapita picha 50,000, lipa kwa uangalifu.

Omba risiti. Kwa Tanzania, dukani dai ya mashine ya EFD. Ukinunua kwa mtu, andikishianeni karatasi yenye namba iliyochapwa chini ya bodi, jina na sahihi, mbele ya shahidi. Anayekataa hilo, mshukuru na uondoke. Kamera za wizi ni nyingi. Na kwenye bajeti yako acha nafasi ya betri ya pili, kadi ya GB 32, mkoba, na kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, kwa kuwa kamera zote mbili hazina Wi-Fi.

Mimi ningemchagulia Canon 1100D mtu anayetaka kuanza kulipwa kwa picha, kwa sababu ya lenzi tu. Nikon D3100 ningempa mwanafunzi, au mtu atakayebaki na 18-55 yake na kupiga video fupi za familia. Lakini kama rafiki au jirani yako tayari ana lenzi za mojawapo na yuko radhi kukuazima, fuata kambi yake. Na muuzaji akikataa kushuka, na bei ikabaki karibu na ya Canon 1200D au Nikon D3200, ongeza kidogo uchukue hizo: 1200D inarekodi kwa 1080, na D3200 ina tundu la maiki.