SOMO LA KILIMO: KUHUISHA KIBANJA BAADA YA KIANGAZI

Mvua za vuli zinapokaribia Rulenge, kibanja kinachoizunguka nyumba huwa kimechoka. Majani ya migomba yamekauka na kuning'inia, kahawa imepukutisha majani, na bustani ya mboga imebaki na mashina matupu. Kwa familia inayotegemea ndizi, maharage na mboga za hapohapo, kazi ya wiki chache zijazo ndiyo itakayoamua hali ya chungu kwa miezi mingi. Somo hili linaeleza hatua za kufuata, pamoja na kosa moja linaloweza kugharimu kibanja chote.

Kabla ya kushika panga

Kosa hilo ni kuuchukulia mnyauko wa bakteria kuwa ni ukame. Ugonjwa huu wa migomba ulibainika Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa mkoani Kagera. Huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na pia na panga linalotoka kwenye mgomba mgonjwa kwenda kwenye mzima. Mkulima anayesafisha kibanja chote kwa panga moja huweza kuueneza kwa asubuhi moja.

Dalili hutofautiana. Mgomba ulioumizwa na jua huanza kukausha majani ya chini yaliyozeeka, huku jani changa la katikati likibaki la kijani. Mgomba wenye mnyauko hulegea hata majani machanga, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na ndani ya ndizi huonekana rangi ya kutu. Shina likikatwa, baada ya dakika chache hutoka utomvu mzito wa rangi ya njano iliyofifia, mfano wa usaha.

Mgomba wenye dalili hizo ukatwe usawa wa ardhi, na mabaki yake yasiburutwe kibanjani wala kupelekwa kwa mifugo. Panga lioshwe tope, kisha lipitishwe kwenye moto hadi chuma kishindwe kushikika, ndipo litumike kwenye mgomba mwingine. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu chane ya mwisho inapojitokeza.

Kupunguza na kusubiri

Mgomba uliokabwa na jua tu hauhitaji kung'olewa. Majani yaliyokauka kabisa yakatwe na kutandazwa chini. Katika kila shina wabaki watatu: mama, binti na mjukuu. Machipukizi yanayozidi hunyang'anyana maji na chakula, na mkungu huwa mdogo.

Kahawa ihukumiwe kwa subira. Gamba la tawi likwaruzwe kwa ukucha: rangi ya kijani chini yake ni dalili ya uhai, hata kama majani yameisha. Tawi lililo kavu hadi ndani ndilo la kukatwa. Yapo matawi yanayochipua wiki kadhaa baada ya mvua kuanza, na aliyeharakisha kukata huyapoteza bure.

Kurudisha nguvu ya udongo

Udongo uliokaa uchi juani hushika ganda gumu, na mvua ya kwanza huteremka juu yake ikichukua rutuba kuelekea bondeni. Katika vilima vya Ngara hasara hiyo huonekana haraka. Kabla ya mvua, ganda livunjwe kwa jembe bila kukata mizizi, na makinga maji yachimbwe kwa kukata mteremko. Kila shina la mgomba liwekewe debe 1 hadi 2 za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Baada ya hapo hutandazwa nyasi au majani makavu kwa unene wa sentimita 10 hivi, yakiachwa mbali kidogo na shina ili fukusi wa migomba wasipate maficho. Matandazo hayo hupunguza upotevu wa maji na, yakioza, huwa mbolea.

Maji ya paa nayo yasiachwe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 400, ambazo mfereji wa bati na pipa vinaweza kuokoa sehemu kubwa yake.

Mboga na maharage

Mvua ya kwanza mara nyingi hudanganya. Inafaa kusubiri hadi udongo uwe umelowa kwa kina cha urefu wa kiganja ndipo maharage yapandwe. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, hivyo ndio wa kutangulia, karibu na jiko, ambako maji ya kuoshea mboga yanaweza kuumwagilia. Maharage kati ya migomba hufunika ardhi na kuongeza naitrojeni udongoni.

Mkazi anayeona dalili za mnyauko, au mwenye shaka nazo, amjulishe afisa ugani wa kata mapema, na awaarifu majirani. Ugonjwa huu haujui mpaka wa kibanja, na anayeuficha huwaumiza majirani pamoja naye.